Nyumba ya Tano, Njia ya Rusinga

Jumatatu, 8 Septemba

Mbita. Tumefika watu watatu: mimi Maroa, mwenzangu Levi, na Scovia msimamizi wetu. Kazi yetu ni utafiti wa taifa juu ya maadili na imani. Unaingia nyumbani kwa mtu na kishikwambi, unamwuliza anathamini nini, anaamini nini, anamwamini nani. Maswali tisini na sita. Wiki mbili hapa, halafu Lambwe.

Mkanda wa mkoba wangu ulikatika kabla ya saa nne. Levi akanielekeza kwa fundi cherehani wa sokoni. Anaitwa Roseline. Alishona bila kuinua macho, mguu ukikanyaga polepole, upepo wa ziwa ukiinua ncha za vitambaa. Nilisimama hadi mkanda ukaisha, kisha nikasimama zaidi. Akaniuliza kama kuna kingine kilichokatika. Nikasema hapana. Nilidanganya.

Nitamwoa. Nimeamua saa tano na nusu hivi.

Jumanne, 9 Septemba

Mchana nimekaa ukingoni mwa ziwa, kishikwambi mapajani. Maji kimya, jua jeupe, mlima wa Rusinga kama umesinzia. Nikawaona watoto wetu wanne, wote na sare alizoshona mama yao. Wa pili mtundu. Nilikuwa namkanya huyo wa pili Scovia alipopiga simu, akitaka kujua kwa nini ramani inaonyesha nimesimama majini dakika arobaini.

Levi amemaliza nyumba sita. Mimi moja. Levi hupiga pasi hata soksi. Jioni hupotea, sijui wapi. Nadhani anaandika ripoti za ziada. Mtu wa kujipendekeza.

Nimepeleleza. Roseline anaishi na mama yake, Mama Rispa, mjane, nyumba ya mabati ya bluu njia ya Rusinga. Kila mtu ananiambia pale hakuna kitu kinapita bila mama. Sawa. Na nani ana ruhusa ya kumwuliza mama huyo anapenda mtu wa aina gani? Mimi. Maswali ninayo tayari. Nitajua anachothamini, kisha nitakuwa hicho.

Jumatano, 10 Septemba

Sheria yetu: unaanza kwenye alama moja, unahesabu, unaingia kila nyumba ya tano. Kutoka kisimani, nyumba ya Mama Rispa ni ya saba. Nikawaza. Boma la kwanza lina wake wenza, nyumba mbili. Nikazifanya moja. Inayofuata mwenyewe amesafiri Kisumu, nikasema haipo. Tano kamili. Hesabu ni mnyama mpole ukimshika vizuri.

Kwetu Kehancha mkwe haendi hivi hivi kwa mama wa msichana. Hampeani mkono, hamli pamoja, mkikutana njiani unapisha. Najua Wajaluo nao wana yao. Lakini leo mimi si mkwe. Leo mimi ni utafiti.

Kishikwambi huchagua chenyewe nani ahojiwe kati ya watu wazima wa nyumba. Kikamchagua mama. Niliona mkono wa Mungu.

Mama ana sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Je, watu wengi wanaaminika? Akasema yeye anamwamini mtu aliyekuja na mtu. Jibu kama hilo halimo kwenye orodha. Nikabonyeza "sijui". Watoto wafundishwe nini nyumbani? Akasema kutumwa na kurudi. Jirani gani hangependa kuwa naye? Akanitazama kidogo, akasema mwenye maswali mengi.

Nikaongeza swali langu, la tisini na saba: angependa binti yake aolewe na mtu gani? Akataka kujua kama na hilo limeandikwa. Nikasema limetoka Nairobi. Akasema, mtu mwenye wazee wa kumsemea. Nikaandika: anayependa wazee. Nawapenda sana wazee.

Kisha akapika. Sheria inakataza kula kwa unayemhoji. Lakini ni samaki, ngege wa kuchemsha, na ugali wa mtama. Nilikula, nikaongezwa, nikaifuata sufuria jikoni nikaikwangua. Mama akacheka hadi akakaa chini. Akaniita wuoda. Kijaluo changu ni cha sokoni, bei na kwaheri basi, lakini neno hilo lina uzito. Bila shaka ni mkwe. Nimeshinda kwa siku moja.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwuliza Levi maana ya wuoda. Chai ikampalia. Alipopata pumzi akasema nikiitwa hivyo niitike kwa adabu, ni heshima kubwa. Kwa mara ya kwanza nimempenda kidogo.

Nimerudi kwa Mama kuhakikisha majibu. Akanituma maji. Nikaenda, nikarudi. Akanituma kuni. Nikaenda, nikarudi. Roseline alipofika kutoka sokoni alinikuta juu ya paa, nagongelea bati lililolegea. Akasema mama yake hajacheka hivi tangu kaka yake aende Qatar, mwaka wa sita sasa, na simu zenyewe ni za kuokoteza. Alinitazama kwa upole mwingi. Upole kama ule naujua. Ndiyo huanza hivyo.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani, benchi la Mama. Baada ya ibada, nyumbani, akatoa shati sandukuni, akanipima mabegani. La mwanawe. Likanitosha kama nilishonewa. Mama akawa anapapasa kola tu, muda mrefu.

Mimi nilikuwa harusini. Roseline anakuja upande wa ziwa, gauni refu, amelishona mwenyewe. Hakuna mtu anaharakisha chochote. Hata Levi yupo, anagawa soda.

Alhamisi, 18 Septemba

Scovia ameniita. Anataka kujua swali la tisini na saba limetoka wapi. Pia kwa nini nyumba moja nimeitembelea mara tisa na nyingine hata mara moja. Hojaji ya Mama Rispa imefutwa, na mimi nimepewa onyo la maandishi. Hakuna mtu amewahi kupenda bila onyo.

Sijakaa sana, Mama akapiga simu. Jumamosi nije mapema, nivae lile shati. Kuna wageni wanakuja kwa habari ya Roseline, na mwanamume wa nyumba hiyo ni mimi. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nimetembea hadi darajani na kurudi, sikumbuki nimekanyaga wapi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama amenikalisha mbele, upande wa wenyeji. Wageni wakaingia: wazee watatu, mbele yao mshenga na fimbo yake, nyuma yao Levi na suti, na msichana amebeba kapu. Soksi zimepigwa pasi. Nikajua amekuja kunisindikiza, nikamwonyesha dole gumba.

Mshenga akasema wamekuja kumwombea kijana wao Levi, safari waliyoianza tangu mwaka jana. Mama akaitika, akamwita Levi orwa. Nikamwinamia shangazi aliyekaa kando yangu, nikamwuliza orwa ni nini. Mkwe wetu. Na wuoda? Akanishangaa. Mwanangu.

Iliniuma. Naandika wazi, iliniuma hadi masikio yakaziba. Nikamtafuta Roseline kwa macho. Ananitazama kwa upole uleule. Ni upole wa dada.

Wazee wakasema wangependa kumsikia ndugu wa msichana. Chumba kizima kikanigeukia. Mama ameshika ncha ya leso na kuikunja, kuikunja. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Nikasimama. Nikasema karibuni nyumbani kwetu. Mama akaiachia leso.

Kisha nikamwuliza Levi maswali. Nilianza na la kwanza. Je, kwa ujumla angesema ana furaha? Tulifika la arobaini na moja, Levi anatoka jasho na wazee wake wanatikisa vichwa kwa heshima, ndipo chakula kikaingia.

Jumapili, 21 Septemba

Nafunga mkoba, kesho Lambwe. Mama amekuja mwenyewe hadi tunapolala, na samaki wa kukausha. Amesema alijua tangu siku ya kwanza nilichofuata, na siku ileile aliona ninachofaa. Amesema siku nikimpata msichana nimwambie tu. Yeye na shangazi watatangulia, watanisemea, kila kitu kwa njia yake. Ameniambia nisiwe na haya, yeye ni mama yangu.

Nilitokwa na machozi kidogo. Nikamwambia asante sana, Mama, kwa sasa sina mtu.

Levi ana dada, Millicent. Jana alikuja na wageni, amebeba kapu, ana sauti tulivu sana. Anaongoza kwaya Oyugis. Nimemtumia ujumbe kwamba mimi ni mkaguzi wa kwaya wa kanda hii. Amejibu hakujua kwamba kwaya hukaguliwa.

Nimemwambia ni utaratibu mpya, unaanza Jumapili ijayo.