Jezi Namba Saba Isiguswe

Jumatatu, 29 Aprili

Bwana ni mwema! Leo nimeingizwa kwenye kamati ya kuchagua timu ya mpira wa kikapu. Tuko watatu: kocha Ramil, mimi, na Aling Perpetua, muuza chakula cha nguruwe, ambaye mwaka wa kumi na tisa sasa ndiye meneja mkuu wa timu ya mtaa wetu. Kaniambia amenichagua kwa sababu napiga kengele ya kanisa na sijawahi kuichelewesha. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hajui.

Hajui kwamba jana Dionel kapiga simu. Mwanangu! Kutoka melini, nyuma yake vyuma vinagongana. Miaka minne hajakanyaga nyumbani. Kauliza nani wanacheza sikukuu ya mwaka huu. Nikamtajia. Akacheka, akasema, "Niwekeeni nafasi, Tay." Tay ni mimi, baba yake. Mkataba wake unaisha tarehe kumi Mei. Sikukuu ya somo wetu, Mtakatifu Isidori, ni tarehe kumi na tano. Hiyo si bahati. Hiyo ni hesabu ya mbinguni.

Timu ni watu kumi na wawili. Orodha inasomwa Jumapili baada ya Misa, na ikishasomwa haiguswi. Basi kazi yangu ni moja tu: nafasi moja ibaki wazi, na jezi namba saba, jezi yake ya zamani, ibaki bila mwenyewe. Mtu hawezi kukosa kurudi kwao kama kwao kuna jezi inamngoja.

Jumanne, 30 Aprili

Majaribio. Vijana ishirini na wawili, uwanja wa nyuma ya kanisa, jua la kukaanga mayai. Mimi natazama nani anafunga. Aling Perpetua mpira hautazami kabisa! Nikamuuliza anatazama nini. Akasema siku njema hata mbuzi anafunga. Yeye anatazama kijana akikosa anafanya nini. Kuna anayemlaumu mwenzake, kuna anayetazama mikono yake, kuna anayekimbia kurudi kulinda. "Anayetazama mikono yake, Mang Selmo, mpeleke kwenye siasa." Kisha akaandika kitu kwa penseli. Kifutio anakiweka nyuma ya sikio.

Kumi na mmoja wako wazi hata kwa kipofu. Tatizo ni wa kumi na mbili: Kervin. Miaka kumi na tisa, anabeba magunia sokoni. Ni mtoto wangu wa ubatizo. Nilimshika mwenyewe kisimani, akanikojolea shati langu pekee la maana. Leo kakosa mara nne, na mara zote nne ndiye aliyetangulia kurudi nyuma.

Nimempa alama nne juu ya kumi. Sababu nimeandika: "Anatabasamu mno." Mungu anisamehe. Lakini ni kweli anatabasamu.

Alhamisi, 2 Mei

Usiku nimepata ufunuo. Mitume! Yuda alipoondoka walibaki kumi na mmoja, na Roho akawashukia vilevile. Nikaenda dukani kwa Aling Perpetua na Biblia kwapani, nikamweleza kwamba timu ya watu kumi na mmoja ni timu yenye baraka. Yeye anapima pumba, hata kichwa hakuinua. Akaniambia nirudi nisome vizuri, sura ya kwanza kabisa ya Matendo: kabla Roho hajashuka walishapiga kura na kumwingiza Mathia. "Hata Mitume waliona kumi na mmoja hawatoshi. Na wao hawakuwa na mechi na mtaa wa Pulong Bato!" Ramil alikuwepo. Kacheka mpaka kakohoa. Kikohozi kimemstahili.

Nyumbani mke wangu Siyang kaniuliza kama naumwa. Ikabidi nimweleze yote. Akaacha kuchambua mchele. Halafu akasema Dionel alisema huku anacheka, na mtu akiomba kweli hacheki. Nikamwambia mambo ya wanaume hayajui. Akarudi kuchambua mchele. Baada ya muda, bila kunitazama, akauliza kama Dionel alitaja saizi ya jezi, maana huenda amenenepa.

Ijumaa, 3 Mei

Kesho vijana wanapimwa urefu. Mashindano haya ni ya wasiozidi futi tano na inchi kumi. Na huku kwetu kila mtu anajua: aliyelala anarefuka, aliyebeba mzigo anafupika. Ndiyo maana Ijumaa ya leo mji mzima umejaa vijana wenye magunia mabegani, wanaruka kutoka juu ya kuta, na mama zao wanawafokea wasikae.

Kervin yuko chini ya alama kwa unywele tu. Nikamwita. Nikamwambia kwa sauti ya baba wa ubatizo: mwanangu, mchezaji hupumzika. Lala. Saa nane mchana nikamlaza kwenye kitanda cha Dionel, nikamwashia feni niliyoitengeneza mwenyewe. Mtoto mtiifu! Akalala kama gunia, kwa mpango wangu inchi nzima itaongezeka.

Jambo ambalo sikulipanga: miguu yake. Imetokeza mwisho wa kitanda, vilevile kama ya Dionel, vidole vikitazama dirisha. Siyang akaja na nguo alizokunja, akasimama mlangoni. Akakaa amesimama hapo na nguo zake. Kitanda kile miaka minne nakipangusa vumbi tu.

Jioni kapika kuku wa siki, kaandaa sahani tatu bila kuniuliza. Nilikaribia kumwamsha Kervin nimfukuze. Nilikaribia. Badala yake nikamwongezea mto.

Jumamosi, 4 Mei

Aibu. Lakini aibu yenye sababu.

Mchezaji asipopimwa haingii kwenye orodha. Dionel yuko baharini. Basi alfajiri niliung'oa mwimo wa mlango wa jikoni, ule wenye alama zake za penseli za urefu tangu akiwa na miaka mitatu, nikaubeba begani mpaka ofisi ya mtaa, nikapanga foleni. Watu wa Pulong Bato walikuwepo kushuhudia. Mmoja kauliza kama ubao huo unatumia mkono wa kulia au wa kushoto. Mwingine akasema mwacheni mzee, utalinda kuliko mabeki wote wa Ramil.

Aling Perpetua hakucheka. Akaupima. Futi tano na inchi tisa. Akauliza hapo alikuwa na miaka mingapi. Kumi na saba, nikasema. Na tangu hapo? Nikasema tangu hapo yuko masomoni, kisha baharini. "Kwani baharini watu hawakui, Mang Selmo?" Nikatafuta aya, sikuipata. Akashusha kidole taratibu mpaka alama za chini. Akauliza kama hapa alikuwa na miaka sita. Mitano, nikasema, alikuwa mrefu kwa umri wake. Akasema niurudishe nyumbani kabla nyumba haijalala upande.

Ikaja zamu ya Kervin. Nikafumba macho, nikasali kinyume cha ninavyostahili kusali. Futi tano na inchi kumi. Sawasawa! Karatasi isingepita kati ya kichwa chake na kikomo. Amefaulu!

Vipi? Nimekuja kujua mchana. Nilipokuwa napambana na misumari ya mwimo, Siyang alimwamsha akamtuma maji. Madumu mawili makubwa, safari kumi na moja. Pipa limejaa, masufuria yote yamejaa, hata bakuli la kuku limejaa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hapakuwa na maji.

Tuna bomba uani.

Jumapili, 5 Mei

Kengele nimeichelewesha dakika tatu. Nilidhani Misa ikichelewa orodha itachelewa. Haikuchelewa. Wa kumi na mbili ni Kervin. Jezi namba saba.

Mlangoni pa kanisa Aling Perpetua akanivuta kando. Akauliza kama nilimwambia Dionel kwamba namshikia nafasi. Nikasema hapana, nilitaka kumshangaza. Akanitazama kama anavyotazama kijana aliyekosa kikapu.

Jumamosi, 11 Mei

Dionel kapiga simu. Ameongeza mkataba, miezi tisa. Meli mpya, chumba chake kina dirisha. Nikasema ni vizuri, dirisha ni jambo zuri. Nikasema tu ile nafasi imeshachukuliwa.

"Nafasi gani, Tay?"

Nikamwambia si kitu, nafasi ya kuegesha gari.

Hatuna gari. Hakuuliza. Siyang akachukua simu, akamuuliza kama anakula.

Jumatano, 15 Mei

Sikukuu! Maandamano ya Mtakatifu Isidori asubuhi, mechi saa kumi jioni. Pulong Bato wanaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Kervin anatupa, anakosa! Mikono yake hakuitazama. Kabla sijamaliza kushika kichwa ameshageuka, amempokonya mtu mpira, amempa mwenzake aliye peke yake chini ya kikapu. Ndani! Tumeshinda kwa pointi moja! Nilikuwa juu ya benchi, sauti imekwisha.

Siyang akanivuta shati nishuke. Akaniuliza kwa upole kama najua nilikuwa naita jina gani. Nikasema la Kervin, la nani tena. Akatikisa kichwa. Kipindi chote cha pili nilikuwa naita Dionel.

Na Kervin, anasema, kila mara aligeuka.

Alhamisi, 16 Mei

Nimerudisha mwimo mahali pake. Umekaa kombo kidogo, mlango haufungi. Kervin kaja kutusalimu. Siyang akamsimamisha kwenye mwimo, akampiga alama ya penseli. Imepita ya Dionel inchi nzima. Nikasema penseli inafutika. Akasema kifutio kimepotea. Nimekiona mfukoni mwake.

Jioni ujumbe wa Dionel: pongezi kwa ushindi, na labda Mei ijayo atakuwa nyumbani. Labda! Nimesoma neno hilo mara sita, na kila mara linazidi kuonekana kama ahadi.

Basi nimeshapanga. Mwakani Kervin nitamlaza tangu Jumatano. Na mapipa nitayajaza mwenyewe.