Kigoda Kilichohama na Kikao Chake

Asubuhi ile Wilfred, Mratibu wa Ushirikishwaji wa Jamii wa makumbusho mapya pale Morogoro, alikuwa anapiga pasi tai yake huku akikitangazia kioo kwamba kuanzia leo wananchi wanashirikishwa rasmi. Si kwamba makumbusho yalikosa uwakilishi. Yalikuwa na viti vitatu vya wakuu wastaafu, mikasi kumi na moja ya kukatia utepe, na picha ya milima ya Uluguru iliyokingwa kidogo na kichwa cha mkurugenzi.

Ila agizo lilishatoka: Ijumaa mgeni rasmi akute kitu cha wananchi, la sivyo Wilfred akaratibu huko porini Kisaki.

Akapanda milimani Matombo na fomu. Nyumbani kwa Bibi Filomena akaona kigoda cheusi cha ukoo. Bibi alikuwa shambani, kwa hiyo akamsainisha mumewe, Mzee Yakobo, kwenye nafasi ya mkuu wa kaya. Mzee alijitahidi kueleza kwamba yeye hapo kaja kuoa tu, vitu vya ukoo ni vya kina mama. Wilfred akamjibu kwa upole kuwa fomu haina kisanduku cha kina mama, akaondoka na kigoda.

Ijumaa, saa moja kabla ya mgeni rasmi, Filomena akaingia na wanawake ishirini, masufuria kichwani. Wilfred akatoa shikamoo, jasho likimtoka, akauliza kama wamefuata kigoda.

"Marahaba, mwanangu. Hatukichukui. Kigoda kikihama, kikao cha ukoo kinakifuata. Tuna kesi ya mpaka, na posa mbili."

Wilfred akasogeza kitabu, akaomba wageni wasaini.

"Mgeni nani humu?" Filomena akauliza. "Wewe kwa mama yako ukoo gani?"

Akautaja. Wanawake wakatazamana.

"Haumo. Kasubiri nje, baba."

Mgeni rasmi alipofika akaulizwa hilohilo, naye akaonyeshwa ngazi. Akakaa juani na hotuba yake ya kurasa tisa kuhusu kuwasikiliza wananchi, akiwasikiliza kupitia dirishani. Kufika saa kumi walikuwa bado kwenye mpaka.

Wilfred akamwandikia bosi wake ofisi kuu: "Zoezi limefanikiwa kupita malengo. Naomba mwongozo, mkuu: sisi tutashirikishwa lini?"

Tiki mbili zikageuka bluu.