Nani Kakwambieni Mume Wangu Mzima?

Ansab, Maskati
Mwezi wa Juni

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Rayhani,
Khuwair ya Kusini.

Mheshimiwa Daktari Buthaina,

YAH: KUMTANGAZA MUME WANGU MZIMA BILA YA KUNISHAURI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa desturi ningeanza kwa kukutakia afya njema, lakini kwa yaliyonifika mlangoni kwenu neno hilo siku hizi nnaliogopa. Basi nnakutakia kheri tu, na afya uchague mwenyewe kiasi unachotaka.

Jina langu Jawaher. Mimi ni mke wa Ustadh Mahfoudh, mwalimu mstaafu wa Kiarabu, yule bwana mrefu mwenye bakora aliyekuja kwenu wiki iliyopita kupimwa kwa ajili ya viza ya kazi ya Uchina. Nnakuandikia Kiswahili kwa sababu mamaako na mimi tumesoma chuoni pamoja, na najua nyumbani kwenu mnazungumza hichi hichi. Na pia kwa sababu nikilalamika kwa Kiarabu hunitoka khutba, na nikilalamika kwa Kiingereza huishia kuomba msamaha.

Kabla sijaingia katika malalamiko, ni haki yako ujue umemgusa nani. Mahfoudh ni mgonjwa. Si mgonjwa wa kulazwa, la, huyo ni mgonjwa wa nyumbani, na kazi hiyo ameishika tangu alipostaafu, bila ya kukosa hata siku moja. Goti lake la kulia halipandi ngazi. Mgongo wake hauinui kitu kizito kuliko rimoti ya televisheni. Presha yake hupanda akitajwa kaka yangu Humaid, na Humaid akitajwa pamoja na neno "harusi" basi hulala kabisa. Sikio lake la kushoto, ambalo ndilo linaloelekea jikoni, halisikii.

Na mimi, Daktari, nyumba yangu nimeijenga juu ya maradhi hayo. Kitanda tumekiteremsha chini. Napika vyungu viwili, kimoja changu cha chumvi na kimoja chake cha huzuni. Gari la gesi likipita, mtungi naukokota mimi, na yeye husimama dirishani akiniombea dua. Sikupata kulalamika. Mtu huzowea.

Sasa mwanafunzi wake mmoja wa zamani, Wael, anafanya kazi Uchina, na akamtajia chuo kinachotafuta mwalimu wa Kiarabu. Chuo kikampenda. Kikamletea fomu ya kupimwa mwili, maana huko mwalimu mgeni hapewi viza ya kazi mpaka aangaliwe kifua, damu, mkojo, moyo, macho, masikio na akili. Mahfoudh aliisoma fomu ile kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Wacha nikapimwe, Jawaher," akanambia. "Wachina wakishaona majibu yangu watanionea huruma wenyewe. Watu watajua kama mimi sikukataa kazi, ni kazi ilonikataa mimi."

Hiyo ndiyo ilikuwa nia yetu, Daktari. Tulikuja kwenu kufeli. Tulikuja na njaa, kwa ajili ya kipimo cha damu, na tulikuja na mfuko wa dawa zake zote msije mkasahau kitu. Na nyinyi mkatufanyia haya yafuatayo.

1. Moyo. Nesi wako Pauline, yule binti wa Kikenya mwenye kicheko, alimlaza Mahfoudh akambandika nyaya zake kifuani, akaiangalia ile karatasi iliyotoka, kisha akasema kwa sauti, mbele yangu: "Mzee wangu, hii moyo iko sawa kabisa. Iko sawa kuliko yangu."

Mahfoudh akanyanyua kichwa. "Binti yangu, umeiwasha vizuri hiyo mashine?"

"Nimeiwasha, mzee."

"Pima tena."

Akapima tena. Ikatoka nzuri zaidi. Sikufurahi, lakini nilijipa moyo, nikijua masikio bado.

2. Sikio. Pauline alisimama nyuma yake akanong'ona. Nakariri, Daktari: alinong'ona. "Sitini na nne," akasema, kwa sauti ya mtu anayeiba. Na Mahfoudh, kwa sikio lile lile la kushoto, akajibu "sitini na nne" kabla hajajiwahi. Mwalimu ni mwalimu, akiulizwa hujibu.

Mimi nilikuwa nimekaa kitini karibu na mlango. Miaka yote hii sikio lile nimelimiminia maneno kwa sauti inayofika mpaka msikitini: toa taka, funga bomba, mama anakuja Ijumaa. Nikamtazama Mahfoudh. Mahfoudh akatazama picha ya ukutani inayofundisha kuosha mikono. Aliisoma yote, mpaka pale pa kukausha vidole.

3. Goti na mgongo. Hapa, kunradhi, mkosaji ni wewe mwenyewe. Ulimwambia, "Ustadh, hebu chuchumaa," ukisema kwa upole, kama anayemkaribisha mtu kahawa. Akachuchumaa. Ukamwambia ainuke. Akainuka! Hakushika meza, hakushika bakora, hakumtaja hata mtume mmoja. Akaibuka juu kama andazi kwenye mafuta ya moto. Wewe ukasema "Mashaallah" ukaandika neno moja tu, na kwa neno hilo moja ukafuta kila tangawizi niliyoichemsha, kila mafuta ya habbasoda niliyoyasugua, na kila ngazi niliyoipanda mimi kumletea mto. Bakora aliisahau kwenu. Nilipomkumbusha garini alinambia, "Bakora gani?"

4. Lishe na akili. Fomu inauliza hali ya lishe ya mwombaji. Uliandika "njema sana". Hiyo lishe ni mimi, Daktari. Jina langu halikutajwa popote.

Lakini hilo si kitu mbele ya lililofuata. Wachina, watu wenye busara, wanauliza pia kama mwombaji ana kuchanganyikiwa, kama anashuku watu, kama anaona vitu visivyokuwepo. Ukapiga alama ya "hapana", "hapana", "hapana", kalamu haikupumua. Hukunyanyua hata uso kuniuliza mimi niliyeishi naye! Ningekwambia kuwa hugombana na refa wa mpira aliyeko Uhispania, na hushuku kuwa refa huyo anamjua yeye na anamfanyia kusudi. Ningekwambia kuwa akifungua friji haoni kilichokuwepo, na anaapa kuwa jana kulikuwa na sambusa ambazo sijazipika tangu Ramadhani. Shahidi alikuwa amekaa mezani pako na pochi yake mapajani.

5. Yaliyofuata nyumbani. Mlipogonga muhuri wenu juu ya picha yake, nusu usoni na nusu kwenye karatasi, mtu yule alipata wazimu wa uzima. Asubuhi ya pili sikumwona kitandani. Nikasikia qasida inatoka mbinguni. Alikuwa juu ya dari anasafisha tangi la maji. Gari la gesi lilipokuja, aliutwaa mtungi kabla dereva hajashuka, akazunguka nao uwanjani kuwaonyesha majirani. Picha ya kifua chake ameibandika kwenye dirisha la majlisi, pale jua linapopiga vizuri. Mgeni akija, kabla ya halwa na kahawa, anaonyeshwa mbavu.

Siku ya Alkhamisi kulikuwa na harusi kule Sib, mtoto wa Humaid, ndiye huyo huyo Humaid wa presha. Nilijua atalala. Hakulala. Alivaa dishdasha mpya, akafunga kilemba, akatangulia yeye garini akinipigia honi. Mimi nilikuwa upande wa wanawake sijui hili wala lile, mpaka binti yetu Rawan akaniletea simu yake na uso umemsawijika.

"Mama, Baba karogwa?"

Nikaangalia. Mahfoudh yuko katikati ya wacheza ngoma ya razha, upanga mkononi, anaruka. Anaurusha upanga juu na kuudaka, na kaka yangu Humaid pembeni anapiga makofi huku analia kwa furaha. Wanawake wote wakaja kunipa pole, kisha wakanipongeza, kisha wakaniuliza nampa chakula gani.

Waliposema chakula nikakumbuka. Tangu siku ile ya muhuri chungu changu cha chumvi anakimaliza yeye, mimi nimeachiwa kile chengine. Nikakionja kwa mara ya kwanza. Daktari, kumbe ni kibaya vile! Na mtu yule alikuwa anakila kila siku na kusema "Allah akulipe".

6. Hili la mwisho ndilo zito, na kwa hili naomba ufunge mlango usome peke yako.

Juzi baada ya Alasiri nilimpelekea chai isiyo na sukari, na vidonge vyake kwenye kisahani, kama kawaida. Alikuwa amekaa barazani na kitabu cha maneno ya Kichina. Akavitazama vidonge. Akavitia kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja juu yake.

"Jawaher," akanambia, "mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sina pa kwenda."

Nikakaa.

"Miaka yote ile nilikuwa nikiingia darasani watu wanasimama. Halafu siku moja nimeamka, hakuna anayesimama, hakuna anayeniuliza kitu. Goti likaniuma siku moja, wallahi liliuma kweli, ukaja mbio ukaniuliza, 'Umeamkaje?' Basi likaendelea kuuma."

Nilitaka kumgombeza kwa mitungi yote ile, nikaanza, "Mahfoudh, wewe!" na badala yake nikavirudisha vidonge kwenye kisahani. Kwa sababu nilifikiri: kweli, kila asubuhi namuuliza umeamkaje. Sasa anakwenda Uchina na moyo wa kijana. Rawan ana nyumba yake. Kesho nikiamka, swali hilo nimuulize nani, friji?

Unaona basi, Daktari, mlipofikisha mambo. Mlimpima mmoja mkawavunjia amani wawili. Kwa heshima zote naomba yafutwe mliyoyaandika. Ikiwa sheria haikuruhusu kufuta, basi mtafutie maradhi madogo ya heshima, yasiyouma wala yasiyoambukiza, yanayokataza kupanda ndege tu na yanayoruhusu kubeba mtungi. Mwili wa mtu ni mkubwa, hamkosi kitu mkitafuta kwa nia njema. Na ikiwa hilo nalo haliwezekani, naomba kwa wasafiri wote wa baadae, wawe wanakwenda Uchina au Salala, fomu iongezwe mstari mmoja chini, baada ya sahihi ya daktari, usemao: "Mke anasemaje?" Na mstari huo uwe mrefu. Na karatasi ya ziada iambatanishwe.

Msipofanya hata moja, nitamleta tena Mahfoudh hapo kwenu na nitamwacha, na mtabaki naye na afya yake. Tutaona mtamshusha vipi juu ya tangi lenu la maji.

Nisalimie mamaako, mwambie kahawa yake ya Jumanne nitaikosa kwa sababu ya hasira lakini ya Jumatano nitakuja. Nisalimie Pauline, mwambie sina kinyongo naye, ila aangalie ananong'ona mbele ya nani. Msalimie yule bwana wa mlangoni aliyetupa namba, na wagonjwa wote wa kweli, na waliokaa pale kungoja, na hata mashine ya moyo, maana ilisema haki na haki haina jamaa.

Ni mimi katika dhiki ya uzima,

Jawaher,
Mke wa Ustadh Mahfoudh

Nyongeza: Daktari mwanangu, barua hii usiifanyie kazi. Nilikuwa nishaikunja ndipo Mahfoudh akaniletea ujumbe wa chuo. Mke anaruhusiwa kufuatana na mumewe na nyumba ipo, ila naye lazima apimwe kwa fomu ile ile. Kumbe aliwauliza tangu siku ile alipotoka kwenu, akaogopa kunambia asije akanipa tamaa bure. Basi Jumapili asubuhi nitakuwa hapo, na njaa yangu. Ikiwa kuna pahala katika mwili wangu panapotia shaka, nakuomba kwa mapenzi ya mamaako upapite haraka bila ya kusimama. Koti la baridi nimeshanunua, sokoni Sib, la sufu, refu mpaka miguuni. Muuzaji alilitoa chini ya makatoni akaniuliza kama naumwa, maana nje palikuwa panaungua. Nnaandika haya nimelivaa, vifungo vyote nimevifunga mpaka shingoni, jasho linanitiririka mpaka kwenye karatasi, na sitalivua.