Kalondu Aambiwe Saa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Dalmas ametangaza leo kwenye kozi yetu ya kuongoza watalii. Ijumaa ya wiki ijayo tutakuwa na mtihani wa kutembeza wageni porini, kwenye ranchi moja upande wa Kilimambogo. Atakuja Bwana Amar, mwenye kambi ya watalii kule Laikipia, na atachagua mwanafunzi mmoja wa kuajiri. Mmoja tu. Sisi tuko kumi na mmoja.

Mimi ndiye mkubwa wao kwa umri. Miaka arobaini na mitatu. Kumi na sita kati ya hiyo niliimalizia kwenye stoo ya kiwanda cha nguo kule Thika, mpaka kiwanda kikafungwa. Kwa ajili ya umri huo nimefanywa kiongozi wa darasa. Nakubali kwamba walichagua vizuri.

Tatizo ni Kalondu. Ana miaka ishirini na minne na amelelewa hukohuko Kilimambogo. Mwalimu akiuliza ni ndege gani huyo analia nje, Kalondu anataja jina bila kuinua kichwa kwenye daftari. Mimi husikia ndege. Basi.

Jioni, nyumbani Kimbo, Becky aliniuliza kama nimeshamaliza kusoma. Ana miaka tisa. Ameambia darasa lake lote kwamba baba yake hufanya kazi na simba. Nilimwambia bado kidogo. Akasema ni sawa, ila nifanye haraka, kwa sababu kuna wasichana wawili wameanza kuuliza maswali.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Nimeweka sauti za ndege sitini kwenye simu. Nitazisikiliza mpaka Kalondu aonekane mgeni kwao.

Nilianza leo saa tisa mchana, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto. Nikafika kwa bundi. Bundi alinishinda, nikamrudia mara saba, kwa sauti ya juu.

Saa kumi Mama Emmah wa nyumba ya pili alibisha mlango akiwa amejifunga leso kichwani. Alisema kuna bundi kwenye ploti, tena mchana, na kwamba hiyo si kawaida, lazima kuna mtu wa hapa anaitiwa kifo. Alikuwa ameshapigia simu watu wa kanisa. Mumbi, mke wangu, aliniangalia. Niliangalia simu yangu, nikaizima.

Tumeomba kwa saa moja na nusu. Watu kumi na wanne sebuleni kwangu. Mzee wa kanisa alinishika kichwa kwa mikono miwili, maana nyumba yangu ndiyo sauti ilikotokea, akaamuru kila ndege wa giza aondoke juu yangu. Becky alikuwa anajua. Alifumba macho kwa nguvu sana, mabega yakimtetemeka, na wengine wakafikiri analia.

Nimeacha ndege. Mtu hawezi kushindana na Kalondu mahali alipozaliwa.

Jumatatu, 10 Machi

Somo la nyati. Mwalimu Dalmas alikuwa askari wa wanyama kwa miaka ishirini na mitano, na mguu wake wa kushoto haukunjiki tangu nyati alipomwangusha. Hakutusimulia kwa kujisifu. Alisema nyati mzee anayetembea peke yake ndiye wa kuogopwa, na kwamba ukimwona usikimbie, usimpe mgongo, rudi nyuma taratibu. Halafu akasema kazi hii ina sheria moja kubwa kuliko zote: hutamwacha mgeni wako. Mengine yote ni mapambo.

Niliandika sheria hiyo ukurasa mzima, kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kalondu hakuandika kitu. Nilimhurumia kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu amenipa kazi, kama kiongozi, ya kuwaambia wenzangu wote muda wa kukutana Ijumaa kwenye lango la ranchi. Saa moja kamili asubuhi.

Tisa niliwaandikia kwenye grupu. Kalondu hayumo kwenye grupu, simu yake ni kabambe, ya vitufe, haina intaneti. Yeye lazima atumiwe meseji peke yake.

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Mumbi alikuwa anapiga pasi sare ya Becky. Nilifikiria ile stoo iliyofungwa, na watu wanaoniuliza barabarani siku hizi nafanya nini. Nilifikiria wale wasichana wawili. Kisha nikafikiria kwamba Kalondu bado ni mdogo, atapata nafasi nyingine nyingi.

Nikaandika: Kalondu, tukutane langoni saa tatu. Usichelewe.

Hilo la usichelewe sijui nililiandika kwa nini.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwa shida, viganja vimechubuka.

Saa moja tulikuwa langoni. Mwalimu aliuliza Kalondu yuko wapi. Nilisema nilimtumia meseji. Huo haukuwa uongo. Bwana Amar ni mtu mpole, wa miaka sitini hivi, mwenye kofia ya zamani na swali kwa kila jani. Tulipangiwa zamu. Mimi nikawa wa kwanza: niwatembeze yeye na Mwalimu mpaka kwenye bwawa, wengine wasubiri. Maina, askari wa ranchi mwenye bunduki, alitangulia mbele kukagua njia.

Mwanzo nilifanya vizuri. Nilieleza kinyesi cha pundamilia kwa dakika kumi. Bwana Amar aliandika. Nilieleza mti mmoja ambao sikuujua, na pia akaandika.

Kwenye kona karibu na bwawa nilikuwa nimewageukia, nikitembea kinyumenyume kama wanavyofanya wazoefu. Nikaona uso wa Mwalimu umebadilika. Nikageuka. Kulikuwa na nyati, peke yake, hatua ishirini hivi. Matope yalikuwa yamemkaukia mgongoni. Maina alikuwa amempita bila kumwona.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Nilipopata akili nilikuwa juu ya mgunga, miiba imeniingia viganjani na mapajani, na chini yangu kulikuwa na mzee wa miaka sitini na mwalimu ambaye mguu wake haukunjiki. Walikuwa wamesimama peke yao. Nyati alipumua puani kwa kishindo.

Ndipo Kalondu alipotokea kwenye nyasi upande wao, viatu vimeloa umande. Kwao ni karibu na ranchi. Aliona gari la chuo likipita alfajiri, akashangaa, akakata njia kwa mguu. Hakuinua sauti.

"Msikimbie," alisema. "Bwana Amar, shika mkono wangu. Mwalimu, egemea bega langu. Sasa turudi nyuma, polepole, tukimwangalia."

Wakarudi hivyo, hatua kwa hatua, yeye akiwa katikati na macho yake hayamtoki nyati. Yule mnyama akawatazama mpaka walipofika nyuma ya mawe, akageuka, akaingia bwawani. Maina alirudi mbio, akanikuta bado nimekumbatia tawi. Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda.

Hakuna aliyenicheka. Ningefurahi kama wangecheka.

Kalondu alinijia wakati wa chai. "Uliniambia saa tatu, mzee," alisema. Nilimwambia labda ni mtandao. Akaondoka, akaenda kukaa na wenzake. Mtandao haubadilishi moja kuwa tatu, hata mimi najua.

Bwana Amar amemchagua yeye. Ataenda Laikipia mwezi ujao.

Mumbi alinitoa miiba kwa sindano bila kuuliza kitu. Becky ndiye aliyeuliza kama nilimwona mnyama yeyote mkubwa. Nikamwambia nyati. Karibu? Karibu sana, nikasema. Kutoka juu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilienda Thika kwa Mwalimu Dalmas. Alikuwa ameketi ofisini, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Nilianza kueleza kuhusu meseji. Akasema Kalondu hakumwambia chochote, yeye Mwalimu ndiye aliyemwomba simu yake akajionea meseji mwenyewe. Nikaanza kueleza kuhusu mti.

Akainua mkono. "Mguu wangu haukimbii, Bwana Gachau. Wewe ulijua hivyo."

Nje palikuwa na ndege analia. Sikumjua.

Mwishowe alisema ataniruhusu kurudia kozi na darasa la Mei, kwa sababu mtu aliyeaibika kweli anaweza kufundishika. Lakini kwanza niandike barua ya kumwomba Kalondu msamaha, kwa mkono wangu, nimpe mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Jana nilikaa na barua siku nzima, hata kanisani sikwenda. Nilichana karatasi sita. Nilieleza kwamba nilimwibia asubuhi yake kwa sababu niliogopa siku zangu zinaisha, na kwamba yeye alikuja kuokoa watu niliowaacha. Nilipofika hapo nililia kidogo. Mumbi aliisoma akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajafanya tangu kiwanda kifungwe.

Leo nilimkuta Kalondu chuoni akichukua cheti. Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja taratibu, akaiweka ndani ya bahasha ya cheti. Alisema hajawahi kuandikiwa barua na mtu maishani mwake, na kwamba yameisha. Tukasalimiana kwa mkono. Nilitoka nikiwa mwepesi kabisa, nimesafishwa. Kweli nimebadilika.

Na ni barua nzuri. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivyo. Bahati nilikuwa nimeipiga picha kabla ya kuitoa. Nikiwa njiani kurudi nilisikia kwamba darasa la Mei lina mtu anaitwa Wainaina, kijana wa Kiuu, ambaye inasemekana anajua nyayo zote hata za panya. Nikapitia saiba, duka la kompyuta pale Kimbo, wakanichapia ile barua vizuri. Nakala tatu. Mahali pa jina nimepaacha wazi.