Taa Zangu, Skrubu na Rangi ya Kucha

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Wimbo wa pili, taa za amplifaya ya gitaa langu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zikawa nyekundu kama makaa, kisha pu! Kimya. Ukumbi mzima ukasikia watu wanavyotafuna samaki. Seti ya tatu ya taa hiyo kuungua tangu Krismasi. Duane, mpinzani wangu, akavaa kodiani yake, akapiga polka, ile ngoma ya kurukaruka, watu wakaacha sahani na kuinuka. Akaniambia eti, pole Verlyn ndugu yangu, kodiani haina taa, inataka mikono tu. Lorraine mwenye baa hakucheka. Kasema nikizimika tena wiki ijayo, Ijumaa zote za Kwaresima anapewa Duane. Ijumaa hizo nimezipiga tangu nina nywele!

Jumamosi, 9 Machi
Uchunguzi. Nimeweka taa mpya, nikawasha sebuleni. Nyekundu. Ya kulia nikaipeleka kushoto, ya kushoto kulia. Nyekundu zote mbili. Nikabadili waya. Yale yale. Basi mchawi nimemjua: friza ya samaki ya Lorraine inavuruga umeme. Kwamba hapa nyumbani hakuna friza si hoja. Amplifaya imeshaambukizwa.

Jumanne, 12 Machi
Kaja shemeji Darlene, fundi wa redio za zamani. Habari ya friza hakutaka hata kuisikia. Akafungua nyuma, akamulika skrubu ndogo inayopimia taa umeme wake. Imezungushwa hadi mwisho! Kasema taa zinalishwa kuliko zinavyoweza kumeza, lazima zife. Nani kaigusa? Nikasema labda mwenye amplifaya wa kwanza, Mungu amrehemu. Akasema marehemu huyo kaacha mikwaruzo mipya. Kweli, niliizungusha mimi. Lakini sauti ilivyonenepa! Akapima, akairudisha mahali pake, akaipaka rangi ya kucha nyekundu. Huo ndio muhuri: ukivunjika, nisimpigie simu hata nikiungua. Nimeapa.

Alhamisi, 14 Machi
Inapiga mchana kutwa bila kasoro. Taa zimetulia, rangi ya chungwa. Ila sauti nyembamba, kama redio ya chumba cha daktari wa meno. Kwa sauti hii Duane atanimeza mzima. Nimekwenda dukani kutafuta rangi ya kucha. Muuzaji akauliza, ni ya mama? Nikasema ni ya gitaa.

Ijumaa, 15 Machi
Skrubu nimeizungusha kidogo tu. Halafu kidogo tena. Nikapaka rangi, nikaipuliza ikauke. Wimbo wa kwanza: sauti nene, tamu, mpishi katoka jikoni na mwiko mkononi! Lorraine akatabasamu. Nilikaribia kulia. Wimbo wa pili: nyekundu, pu! Duane alikuwa ameshavaa kodiani. Ijumaa ni zake hadi Pasaka. Roho inaniuma.

Jumamosi, 16 Machi
Darlene anakuja kesho. Nimeukagua muhuri kwa tochi. Mzima, unang'aa, hauna hata ufa. Kwa hiyo skrubu haijaguswa na mtu. Nitamwambia wazi: ni friza.