Pointi za Radi Ziko Wapi?

Jumatatu, 3 Machi
Nimepoteza nafasi ya kwanza leo, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Darasa langu, Saba A, liliongoza mchezo wa Kiingereza wa mtandaoni kwa siku tisa. Sasa linaongoza Saba B. Na Saba B ni la nani? La shemeji, mke wa mdogo wangu! Nimepiga hesabu mara tatu. Sisi pointi 4,860, wao 2,110. Kwa hesabu ya wapi? Mwalimu mkuu keshatangaza: atakayeongoza Ijumaa saa mbili ndiye mkuu wa idara ya Kiingereza. Mimi niliyejifundisha lugha hii kwa kusoma maelekezo ya pasi na redio, nipitwe hivihivi!

Jumanne, 4 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nimeandikisha mwanafunzi mpya kwenye mchezo, jina Radi. Radi ni mimi. Nimecheza vipindi viwili, nimejifungia stoo ya vitabu. Maswali 200, nimepata 198. (Yale mawili, swali ndilo lililokosea.) Matokeo: tumeshuka hadi nafasi ya tatu. Madarasa yenyewe manne!

Shemeji alinikuta koridoni, akanionea huruma, afadhali angenicheka. Akanieleza kwamba mchezo hauangalii wingi wa pointi, unaangalia ni wangapi wamefanya vizuri kuliko walivyofanya jana. Akauliza pia huyo Radi ni nani, mbona hana jana. Nikasema kahamia. Sikumwamini, mshindani hakufundishi bure. Lakini hadi mchana neno lake lilikuwa linanizunguka kichwani. Mtu hupanda kutoka wapi? Kutoka chini. Basi tushuke!

Jumatano, 5 Machi
Nimewaamuru wote 41 wakosee makusudi. Sifuri leo, hamsini kesho: mtu kajishinda mara ngapi? Haihesabiki! Walinitazama kama mtu aliyevaa kiatu cha kushoto miguu yote miwili, lakini walitii. Arobaini, sifuri safi. Mmoja, binti wa dawati la nyuma tunayemwita Kimya, kapata 17. Juzi alipata 9, jana 13. Nikamuuliza kama hakusikia amri. Akanijibu, na sauti yake sijaisikia tangu Januari:

"Nimeanza kuelewa juzi tu, mwalimu. Nikikosea makusudi, nitasahau."

Jibu hili naliandika hapa kwa sababu sijui niliweke wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Sielewi. Mchezo umeamua kwamba wanafunzi wangu ni watoto wachanga! Umewarudisha arobaini hatua ya kwanza, na hatua ya pili haifunguki kwa siku saba. Picha ya ng'ombe, picha ya mpira, bonyeza ng'ombe. Mwalimu mkuu akaingia wakati huohuo. Vijana wenye sauti nzito wanambonyeza ng'ombe, ng'ombe anawapigia makofi. Akauliza hili ni somo gani. Nikasema marudio.

Akasimama muda mrefu nyuma ya Kimya, aliyekuwa peke yake anasoma hadithi na kujibu maswali. Akaniuliza nilimfundishaje huyu. Nikasema sikumfundisha. Ndiyo kweli pekee niliyosema wiki hii, na imenitoka bila mpango.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji ndiye mkuu wa idara. Kimya ameongoza shule nzima kwa kujishinda. Darasa la mwisho, mtoto wa kwanza. Hesabu hii nayo imenipita. Shemeji anasema niketi na Kimya nimuulize alivyofanya. Nimuulize mtoto!

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hayo ni ya mpira. Mimi nimeandikisha ndugu watano wa Radi, kisha nikawaandikia wenye mchezo malalamiko, kama baba mzazi wa Radi. Jibu likaja papo hapo: "Vizuri sana! Endelea kujaribu."

Nimewarudishia hivi: Sikuomba kusifiwa. Mwanangu alijibu maswali 198 sawasawa, kwa jasho lake. Pointi zake ziko wapi? Nataka jibu la moja kwa moja, kwa tarakimu, kabla ya Jumatatu saa mbili kamili asubuhi.