Sista Aliniuliza Kama Nimefunga Choo

Leo nimeumbuka. Nawaandikia mwenyewe, wenzangu niliosoma nao ualimu, mlisikie kwangu kabla halijafika kwenu kwa lori la pamba.

Mnajua leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda Butiama kujitambulisha kwa wazazi wa Nyamisi. Baba yake ameshakataa wachumba wawili. Mmoja alikataliwa kwa kupiga miayo. Basi nilijiandaa: suruali ya mitumba (tangu iruhusiwe, na sisi tunapendeza), shati nililolifua kwa kipande cha mwisho cha sabuni.

Tatizo ni tumbo. Tangu juzi lilikuwa linaendesha. Linasokota, linanguruma, kisha mbio. Nawalaumu dagaa ambao hawakukauka vizuri, niliowala kwa ugali wa unga wa njano. (Kingine hakuna madukani, msinihukumu.) Alfajiri nilikwenda chooni mara nne, nikaona hapana, nipite zahanati kwanza.

Sista wa zamu ni jirani yangu hapa Makoko. Tunatumia choo kimoja cha uani, chenye kufuli, na kila wiki tunagombana kuhusu nani amekiacha wazi. Nilikuta foleni imejaa wazazi wa wanafunzi wangu. Nikanong'ona, "Tumbo, sista." Kuendelea zaidi ya hapo niliona haya.

Akauliza kwa sauti ya kusikika hadi Murangi, "Mwalimu, umefunga choo?"

"Nimefunga," nikajibu. (Hata kazini ananifuata na kufuli lake!)

"Tangu lini?"

"Sista, mimi kila siku nafungaga! Wenzangu ndio wanaachaga wazi."

Foleni nzima ikanigeukia. Sista akatikisa kichwa. "Kila siku! Pole sana. Ni huo unga wa njano, halafu mboga huli, maji hunywi. Vidonge vimeisha, kunywa hii."

Kikombe kizima cha maji ya chumvi, machungu. Nilikunywa chote na kushukuru.

Hadi Butiama tumbo lilikuwa kimya. Nikamsifu sista mbele ya baba mdogo Magesa, mshenga wangu. Naye akanikumbusha: ukweni mwanamume haombi choo, na mama mkwe hamkaribii. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ukaletwa ugali wa ulezi na maziwa ya mgando. Tonge la tatu, tumbo likatoa hoja. Wote walilisikia. Mzee akanitazama.

"Mwalimu, unatoka jasho."

"Ni furaha, baba."

Baba mdogo alikuwa katikati ya ile sentensi yenyewe, ya kumwomba binti, niliponyanyuka. Sikuaga. Niliruka kibuyu cha maziwa, nikaruka mbuzi, nikafika chooni. Mlango wa bati ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka upesi, nakufa!"

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mama mkwe.

Hatukusalimiana. (Nilikuwa nimeshaingia.)

Humo ndani nilipata muda wa kutafakari, maana nilikaa sana. Ndipo nikaelewa. Sista hakuwa anauliza habari za kufuli. Alikuwa anauliza kama nimekosa choo! Nami, mtu wa kuharisha, nikanyweshwa haluli, dawa ya kulainisha tumbo lililogoma. Nilitaka kulia. Nimpoteze Nyamisi kwa ajili ya kufuli, jamani?

Kuta za choo ni za miti tu, kwa hiyo kila neno la barazani lilinifikia.

"Huyu kijana wenu," mzee akauliza, "anarudi?"

"Anarudi, mzee. Ameachaga viatu."

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, kavu kabisa: "Mpeni binti. Mgeni hawezi kunifukuza kwenye choo changu mwenyewe. Huyo ameshakuwa wa hapa hapa."

Mzee akaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa uangalifu.

Harusi ni baada ya mavuno. Njooni, ila msicheke. Mkifika kijijini ulizieni jina langu la ubatizo. Najua hamtaonyeshwa nyumba, kwa sababu tangu mchana wa leo watu wote kule wananijua kama Mkwe Mbio. Lakini ulizieni hilo hilo la ubatizo, tafadhali.